Aligeta wa Brooklyn na kamba wa Naivasha

Jumapili ya Februari 19, 2023, wafanyakazi wa bustani ya Prospect Park huko Brooklyn, New York, walikuta ziwani mgeni asiyetarajiwa. Alikuwa aligeta, jamaa wa mamba, mwenye urefu wa kama mita 1.2. Alikuwa amezubaa kwa baridi na hakuwa na nguvu hata ya kukimbia.

Alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Picha ya eksirei ikaonyesha kwamba alikuwa amemeza kizibo cha beseni la kuogea, chenye upana wa sentimita 10 hivi. Waganga wa wanyama walihangaika naye kwa wiki kadhaa, lakini mwezi Aprili akafa.

Kizibo kile kilieleza mengi. Mnyama huyo hakutoka mtoni. Kwa kila dalili alifugwa ndani ya nyumba, kisha aliyemfuga akamchoka na kumtupa, ingawa sheria ya jiji hilo inakataza kabisa kufuga wanyama wa namna hiyo.

Hata hivyo, swali la zamani lilirudi midomoni mwa watu: je, kuna aligeta wanaoishi porini mbali na kwao? New York imesimulia hadithi za aligeta wa kwenye mitaro kwa karibu miaka mia. Mwaka 1935 magazeti ya huko yaliandika habari za vijana wa mtaa wa Harlem waliokuwa wakimwaga theluji ndani ya shimo la mtaro wakamwona aligeta chini, wakamvuta nje na kumuua. Tangu hapo, kila anayeonekana huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba wako wengine wengi.

Kwao ni wapi

Kwa Kiswahili cha kawaida wote huitwa mamba, lakini hawa ni koo mbili tofauti. Mamba wa mito na maziwa ya Afrika akifunga mdomo, jino la nne la chini huchomoza nje. Aligeta ana pua pana zaidi, na akifunga mdomo meno yake ya chini hufichika. Afrika haina aligeta wa asili hata mmoja. Duniani wamebaki wa aina mbili tu: wa China, wachache sana, upande wa chini wa Mto Yangtze, na wa Marekani.

Huyo wa Marekani anaishi kusini mashariki mwa nchi hiyo, kuanzia pwani ya North Carolina kushuka hadi Florida, kisha kuelekea magharibi kupitia Louisiana hadi Texas. Aliwindwa mno kwa ajili ya ngozi, na mwaka 1967 akawekwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ulinzi ulizaa matunda: mwaka 1987 serikali ilitangaza kwamba amepona.

Je, kinachomzuia kupanda kaskazini ni baridi? Kwa kiasi, lakini si kama wengi wanavyodhani. Januari 2018, maji ya kinamasi kimoja cha North Carolina yalipoganda, aligeta waliokuwamo walitoa ncha za pua juu ya barafu ili wapate hewa, wakatulia hivyo hadi barafu ilipoyeyuka. Usiku mmoja wa baridi kali haummalizi.

Kinachomshinda ni kulea. Jike hujenga kichuguu cha majani na matope na kuyafukia mayai humo. Mayai huhitaji joto kwa miezi miwili hivi, na joto hilohilo ndilo linaloamua kama watatoka majike au madume. Watoto nao wanahitaji muda wa kula na kukua kabla baridi haijarudi. Mahali penye kiangazi kifupi, mahesabu hayo hayatimii.

Ndiyo maana wataalamu hutenganisha mambo mawili: mnyama kuonekana mahali, na mnyama kuishi mahali. Aliyeonekana anaweza kuwa mmoja aliyetupwa jana. Anayeishi ni yule anayetaga, na watoto wake nao wakaja kutaga.

Nani aliyembeba

Mfano mzuri ni wa Chicago. Julai 2019 aligeta wa mita 1.6 hivi alionekana kwenye ziwa dogo la bustani ya Humboldt Park. Kwa wiki nzima watu walimiminika kumtazama, wakauza hata fulana zenye picha yake. Mwishowe alifuatwa mtaalamu kutoka Florida, akamnasa Julai 16. Alikuwa mmoja tu, na kama angeachwa pale hadi majira ya baridi, huenda asingeyamaliza.

Wako pia wanaosogea wenyewe. Miaka ya karibuni aligeta wameonekana kusini magharibi mwa Tennessee, na idara ya wanyamapori ya jimbo hilo inasema wanapanda polepole kutoka majimbo ya kusini. Huko ni kupanua mpaka wa makazi kwa asili yake.

Hatari ya kweli huanza pale mnyama aliyebebwa na mtu anapotupwa mahali penye joto la kumtosha. Kaimani, ndugu wa aligeta kutoka Amerika ya Kati na Kusini, waliuzwa Puerto Rico wakiwa wachanga kama wanyama wa kufuga nyumbani. Walipokua, wenyewe waliwaachia. Leo wanazaliana kwenye ziwa la Tortuguero na maji mengine ya kisiwa hicho. Florida nako kaimani wamejenga makao.

Hata mamba wa Afrika amewahi kufika huko. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba mamba watatu walionaswa kusini mwa jimbo hilo walikuwa wa aina ya mamba wa Mto Nile. Vipimo vya vinasaba viliwahusisha na mamba wa Afrika Kusini. Haikuonekana dalili kwamba walikuwa wakizaliana, lakini hakuna aliyedhani kwamba walivuka Bahari ya Atlantiki kwa kuogelea.

Jirani yake alishafika

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kucheka akasema hayo ni ya Wamarekani. Lakini aligeta wa Louisiana ana jirani yake katika vinamasi vya kule, kamba mwekundu wa maji baridi, ambaye ni moja ya vyakula vyake. Kamba huyo anaishi Kenya. Aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa matumaini ya biashara, na kweli kwa muda aliuzwa hadi Ulaya. Lakini alikula mimea ya majini, yakiwamo mayungiyungi, na wavuvi wakalalamika kwamba anaharibu nyavu na samaki walionaswa. Nchini Uganda yuko Ziwa Bunyonyi, ambako leo wageni huandaliwa kamba huyo mezani.

Ziwa Victoria lina somo kubwa zaidi. Sangara walipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960. Walileta viwanda, ajira na fedha za kigeni Mwanza, Kisumu na Jinja. Pia walichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, ambao familia za kando ya ziwa zilikuwa zikila tangu enzi za mababu. Gugumaji, lenye asili ya Amerika ya Kusini, lilifuata. Sehemu yake iliteremka na Mto Kagera, ambao maji yake yanatoka Burundi na Rwanda na kupita mpakani mwa Tanzania na Uganda kabla ya kumwagika ziwani.

Mto huo hauna kituo cha forodha. Kinachoachiwa juu, hupokewa chini. Ziwa Victoria linamilikiwa na nchi tatu, na anayetia kitu kigeni upande mmoja hahitaji kibali cha wavuvi wa upande wa pili ili kiwafikie.

Kwa hiyo aligeta wa Brooklyn hakuwa mwanzo wa kundi. Alikufa peke yake, na jiji likaendelea na shughuli zake. Kamba wa Naivasha na sangara wa Ziwa Victoria walipata joto, chakula na mahali pa kuzaliana, na zaidi ya miaka 50 baadaye hakuna serikali iliyoweza kuwatoa.