Ukimpeleka Mtoto Kutibiwa Nje ya Nchi, Hesabu na Siku za Kupona

Daktari akisema upasuaji wa mtoto nchini India utachukua wiki mbili, mama wengi husikia kwamba baada ya wiki mbili watakuwa wamerudi nyumbani Manyamanyama. Daktari kwa kawaida anazungumzia siku za hospitali tu. Siku za kusubiri kabla ya upasuaji, siku za kukaa karibu na hospitali baada ya kutoka wodini, na wiki za kupona nyumbani haziko kwenye hesabu yake. Kikao cha ukoo kinachangisha kwa hesabu hiyo ya wiki mbili, tiketi inakatwa kwa hesabu hiyo, na pesa ya chakula inaisha wakati mtoto bado hajaruhusiwa kupanda ndege. Hapo ndipo wazazi wanapojaribiwa kumrudisha mapema, na ndipo hatari ilipo.

Makala haya yanafuata mfano wa mtoto mwenye tundu kwenye moyo, kwa sababu ni moja ya sababu kubwa za familia zetu kufikiria kusafiri. Mengi ya humu yanafaa pia kwa upasuaji mwingine, hata kama mgonjwa ni wewe mama mwenyewe.

Kwanza, je, ni lazima kutoka nje?

Uliza swali hili kabla ya kuuza ng'ombe. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambayo hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto. Kanda ya Ziwa tuna Hospitali ya Bugando, Mwanza. Kutoka Hospitali ya Manyamanyama unaweza kupewa rufaa kwenda Musoma au Bugando, na huko daktari bingwa ndiye atakayesema kama tatizo la mtoto linatibika hapa nchini. Kutibiwa Dar es Salaam kunapunguza sana gharama, na kliniki za marudio huwa rahisi zaidi. Mtu yeyote anayekupigia simu akikuahidi hospitali ya nje bila mtoto kuonwa na bingwa, mwambie asubiri.

Nje si lazima iwe mbali, tena. Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, Kenya, hufanya upasuaji wa moyo, na kutoka Bunda unafika kwa barabara kupitia Sirari. Lakini barabara nayo ina masharti yake kwa kifua kilichopasuliwa. Tutaliona hilo mbele kidogo.

Kuhesabu siku zenyewe

Chukua daftari. Tuseme safari ya kwenda India ni siku 2, pamoja na kutoka Bunda hadi uwanja wa ndege. Mkifika, hospitali itarudia vipimo: eko ya moyo, damu, picha ya kifua, na mara nyingi meno, kwa sababu jino bovu linaweza kupeleka vijidudu kwenye moyo. Weka siku 4 au 5. Upasuaji, chumba cha uangalizi maalumu na wodi, kwa tundu la kawaida lisilo na matatizo, weka siku 7 hadi 10. Baada ya kutoka wodini, kaeni kwenye nyumba ya kupanga karibu na hospitali siku 10 hadi 14, mkirudi kliniki kuangaliwa. Safari ya kurudi, pamoja na mapumziko njiani, siku 2 au 3.

Jumla ni kati ya siku 25 na 34, na hapo hakuna jambo lolote lililoharibika. Kwa watoto, jambo linaloharibika mara nyingi ni mafua. Mtoto akianza kukohoa au kupata homa kabla ya upasuaji, madaktari huahirisha, maana dawa ya usingizi na mapafu yenye maambukizi havipatani. Kuahirisha kunaweza kuwa siku chache, na kunaweza kufika wiki 4 au zaidi. Ndiyo maana tunashauri kila familia iweke akiba ya chakula na pango kwa wiki 2 za ziada, na ikubaliane mapema nani atapigiwa simu zikihitajika zaidi. Na wiki ya kabla ya safari, mtoto asipelekwe kwenye mikusanyiko. Misa ya kuagwa inaweza kufanyika yeye akiwa nyumbani.

Hesabu hii inagusa viza pia. Viza ya matibabu ya India inayoombwa kwa mtandao huwa ya siku 60, na watu wawili wanaweza kuombewa viza za kumsindikiza mgonjwa. Siku 60 zinaonekana nyingi, lakini mtoto aliyeahirishiwa upasuaji kwa wiki 4 anazikaribia kabisa. Masharti ya viza hubadilika, kwa hiyo ulizeni ubalozi wa India Dar es Salaam kabla ya kulipa, na mwulize pia namna ya kuongeza muda mkiwa kule. Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe, hata kama ananyonya. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na cheti cha kuzaliwa lazima kiwepo kabla. Kama mtahitaji chanjo ya homa ya manjano, cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Usiache hilo hadi wiki ya mwisho.

Kwa nini asipande ndege mapema

Watu husema, "Si amekaa tu kwenye kiti?" Lakini hewa ndani ya ndege si kama hewa ya chini. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hayo ndiyo mazingira tuliyoyazoea. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Oksijeni ni pungufu, na hewa yoyote iliyobaki imefungiwa ndani ya mwili hutanuka, karibu kwa theluthi moja. Baada ya upasuaji wa kifua, hewa kidogo inaweza kuwa imebaki nje ya pafu. Chini haisumbui. Angani inatanuka na kulibana pafu, na hakuna wodi ya kukimbilia.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kawaida ni kutosafiri kwa ndege angalau siku 10 baada ya upasuaji wa kifua au upasuaji mkubwa wa tumbo. Hizo 10 ndizo za chini kabisa, na daktari aliyempasua anaweza kuongeza. Upasuaji wa matundu madogo ya tumbo unahitaji siku chache tu. Mguu uliofungwa plasta unahitaji saa 48 kabla ya safari ndefu, kwa sababu unaweza kuvimba ndani ya plasta. Aliyewekewa gesi ndani ya jicho asipande ndege kabisa hadi daktari wa macho aseme gesi imeisha, na hilo huchukua wiki kadhaa.

Sababu ya pili ya kubaki karibu ni maji kuzunguka moyo. Baadhi ya wagonjwa, wiki ya kwanza hadi ya sita baada ya upasuaji wa moyo, hupata homa, maumivu ya kifua na kushindwa kupumua vizuri kwa sababu maji yanajikusanya kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Kliniki ya siku 10 hadi 14 inasaidia kuyakamata mapema kwa eko.

Na wewe mama, kama uliyepasuliwa ni wewe, kuna damu kuganda miguuni. Upasuaji na kukaa saa nyingi bila kujinyoosha vyote huongeza hatari hiyo. Simama utembee ndani ya ndege, kunywa maji, na umuulize daktari kama unahitaji soksi za kubana au dawa.

Safari ya kurudi hadi Bunda

Kata tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe, hata kama inazidi bei. Ombeni hospitali barua ya kuruhusu kusafiri, maana shirika la ndege linaweza kuidai mlangoni. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kanga iliyokunjwa iwekwe kati ya kifua cha mtoto na mkanda wa kiti.

Mkitua Dar es Salaam au Nairobi msiunganishe usiku huohuo. Laleni. Mkifika Mwanza, bado kuna kama kilomita 150 za barabara hadi Bunda. Tafuteni gari lenye nafasi ya mtoto kuegemea, msimame kila baada ya saa moja au mbili, na kipande cha mwisho cha kuingia mtaani kisiwe kwa bodaboda. Wazazi wengi hufanya kila kitu sawasawa kuanzia Mumbai au Chennai, kisha wanampakia mtoto kwenye pikipiki kwa dakika 10 za makorongo. Anayetoka Bomet kwa gari afuate mpango huohuo.

Wiki za nyumbani ndizo ndefu

Mfupa wa kidari uliokatwa huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga. Ukirudi nyumbani siku ya 30, bado una mwezi mzima mbele yako. Katika muda huo usimwinue mtoto kwa kumshika makwapani wala kumvuta mikono. Mwinue kwa mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya kichwa na mgongo. Kumbeba mgongoni kwa kanga kusubiri hadi daktari aruhusu, kwa sababu kifua kinabanwa na mikono inavutwa. Hili huwa gumu kuliko mama wanavyotarajia, hasa kama ndiyo njia pekee mtoto anayolala nayo. Anza kumzoesha kubebwa mbele, kwa kupakatwa, kabla ya safari.

Mtoto mkubwa asibebe ndoo, asikimbize mpira wala kupanda mti. Kidonda kikae kikavu, na kuoga ziwani kungoje. Shuleni, omba barua ya daktari, na mwalimu aambiwe kwamba huyu haadhibiwi kwa viboko wala hachoti maji.

Wageni nao. Mkirudi, watu watakuja kutoa pole, na ni haki yao. Wapokeeni nje chini ya mti, wenye kikohozi waombwe radhi, na bibi mmoja mwenye sauti apewe kazi ya kuwaeleza. Wewe ukiwaeleza utaonekana una maringo.

Mpeleke mtoto Hospitali ya Manyamanyama siku hiyohiyo, hata kama kliniki yake ni wiki ijayo, ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kinachotoa usaha au kuwa chekundu, kupumua kwa haraka, midomo kuwa ya bluu, uso au miguu kuvimba, kukataa kunyonya, kutapika dawa, au mfupa wa kifua kusikika ukigongana. Sema mlangoni kabisa, "Amepasuliwa moyo," usisubiri foleni ikufikie. Kwetu homa hudhaniwa malaria kwanza. Mtoto apimwe malaria, ndiyo, lakini hata ikipatikana, kifua na kidonda viangaliwe pia.

Chanjo isisahaulike. Mtoto aliyeongezewa damu anaweza kuhitaji kusubiri miezi kadhaa kabla ya chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 au 18, kwa sababu damu aliyopewa inaweza kuifanya chanjo isishike. Mwonyeshe nesi wa kliniki karatasi za hospitali ili apange tarehe mpya kwenye kadi.

Kama moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi na mtoto amewekewa vali ya chuma, kupona hakuna mwisho kwenye kalenda. Atameza warfarini maisha yake yote, na damu yake itapimwa mara kwa mara kwa kipimo cha INR. Kabla ya kuchagua aina ya vali, ulizeni kipimo hicho kitafanyika wapi kutokea Bunda, na kwa nauli gani. Kama ni binti, mwulizeni daktari mapema kuhusu ujauzito wa baadaye, kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 pia huendelea kwa miaka, hata akionekana mzima kabisa.

Wale mnaowaacha

Mwezi mmoja na zaidi ni muda mrefu kwa mtoto mwingine anayebaki. Nani atampikia, nani ana namba ya simu ya mwalimu, nani atalima? Kama upasuaji unaweza kusubiri kwa usalama, muulize bingwa kama mnaweza kuupanga msirudi katikati ya kupanda au kuvuna, kwa sababu mama anayerudi Novemba na shamba halijaguswa hatakaa na mgonjwa, atakwenda shambani. Kama hauwezi kusubiri, basi kikao cha ukoo kigawe shamba hilo kama kinavyogawa michango.

Kwenye kikao hicho, somesheni siku pamoja na shilingi: tarehe ya kuondoka, ya upasuaji, ya kuruhusiwa kupanda ndege, ya kufika nyumbani, na ya mfupa kuunga. Tarehe ya kliniki ya kwanza Bugando au Muhimbili iombwe kabla hamjaondoka. Kule India, msitoke hospitali bila muhtasari wa matibabu, majina kamili ya dawa na nakala ya eko. Pigeni picha kila ukurasa na mtume kwa ndugu aliyebaki Bunda. Karatasi zikilowa njiani, nakala itakuwa kwenye simu yake.