Je, Wajua? Vita ya Liuli, Mganda na Vikaragosi vya Kivuli

Tarehe 13 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu huko Liuli, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven. Tukio hilo husimuliwa zaidi kwa majina ya manahodha wa Kizungu, ilhali Waafrika waliobebeshwa mizigo na bunduki za vita hiyo huachwa nje, na hilo ni kosa linalostahili kurekebishwa mapema, darasani. Kumbukumbu yao imebaki katika mganda, yaani ngoma ya wanaume wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa inayoiga gwaride la askari wa kikoloni. Ili kuileta kumbukumbu hiyo darasani, vikaragosi vya kivuli, ambavyo ni sanamu bapa za karatasi ngumu ya boksi zinazochezeshwa nyuma ya shuka jeupe linalomulikwa kwa taa, vinaweza kumwonesha mtoto askari, mpagazi na mcheza mganda katika pazia moja. Walimu wa wilaya za Mbinga na Nyasa waanze na kisa cha Liuli, kwa kuwa boksi, shuka na taa havikosekani vijijini.