Ugenini Ngara: Jiko, Kuni na Jirani

Maswali ya kwanza ya mama aliyevuka Daraja la Rusumo na mtoto mgongoni yalikuwa matatu: maji yako wapi, kuni ziko wapi, na sufuria ataiazima kwa nani.

Ndugu msomaji, penye kuhama maswali ya namna hiyo hayakosekani. Hata wale Waingereza wastaafu wanaouza nyumba zao na kwenda kuota jua katika pwani ya Malaga, kusini mwa Hispania, husumbuliwa na lugha, chakula, jirani na karatasi za ukaazi. Na tangu mwanzo wa mwaka 2021, haki ya kuhamia nchi za Umoja wa Ulaya bila kizuizi ilipokoma kuwahusu, karatasi hizo zimezidi kuwa ngumu. Lakini wao walichagua siku ya kuondoka. Wageni wa wilaya za Ngara na Biharamulo hawakuichagua.

Watu wa wilaya hizo wana mazoea ya siku nyingi ya kupokea wageni. Tangu miaka ya 1960 walikuwapo Wanyarwanda waliopewa ardhi Muyenzi, wilayani Ngara, wakalima na kuzaa watoto. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, Warundi walimiminika mpakani. Kisha ikafika tarehe 28 Aprili, 1994. Katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipita darajani Rusumo, wakatua Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa imejenga barabara. Katika muda mfupi wageni wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Nyumba ya mgeni ilikuwa matawi ya miti yaliyofunikwa kwa turubali la plastiki. Wenyewe waliiita blinde, neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichokingwa kwa chuma. Sina hakika kama aliyelianzisha alikuwa akifanya mzaha, lakini mtu aliyepitisha masika chini ya plastiki ana haki ya kufanya mzaha. Waliokaa zaidi, hasa Warundi wa kambi ya Lukole, hatimaye walijenga kwa matofali ya udongo, wakapanda maboga mlangoni, wakafungua vinyozi, cherehani na migahawa.

Kuhusu chakula, mgawo ulikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Akina mama waliozoea ndizi, viazi vitamu na mtama walikabidhiwa mahindi makavu ya punje, ambayo bila mashine ya kusaga ni adhabu. Aliyeipata mashine aghalabu alilipa kwa kuacha sehemu ya mgawo wenyewe. Basi biashara ikazaliwa: mahindi na mafuta ya msaada yakatoka kambini, ndizi na mihogo ya wenyeji ikaingia. Bei ya ndizi na maziwa ikapanda, ya mahindi ikashuka. Mkulima wa Kihangaza mwenye shamba kubwa na nguvu za kuajiri vibarua kutoka kambini alilima kuliko alivyopata kulima. Maskini aliyekuwa akiishi kwa kibarua alikuta ujira wake umeshuka, kwa kuwa mgeni alikubali kulima kwa malipo ya chakula tu. Hao wawili huwezi kuwauliza swali moja kuhusu wageni ukategemea jibu moja.

Kuni ndizo zilizoharibu ujirani. Vilima vilivyozunguka Benaco vilibaki vipara, na mama wa kambini akalazimika kutembea zaidi ya kilomita kumi kutafuta mzigo mmoja, njia ambayo wanawake wengine walivamiwa. Mashirika yalifundisha majiko ya udongo badala ya mafiga matatu, kuloweka maharage usiku kucha, kupasua kuni na kuzikausha, na kufunika sufuria. Mafunzo hayo, kwa maoni yangu, yanafaa hata Dar es Salaam, ambako mkaa tunauchoma kama kwamba hauna mwisho.

Lugha haikuwa tatizo kubwa. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa damu, na Bugufi ilikuwa na uhusiano wa zamani na ufalme wa Burundi kabla Mwingereza na Mbelgiji hawajagawana mipaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni aliposalimu, mwenyeji alielewa. Mwaka 1995 ikaanzishwa Radio Kwizera, maana yake Tumaini, ikisikilizwa na pande zote mbili.

Tusiwasahau wageni wa aina ya pili: wafanyakazi wa mashirika, wenye magari meupe na mapipa ya maji safi. Kodi za nyumba mjini Ngara zilipanda kwa ajili yao, na baadhi ya walimu na wauguzi waliacha kazi kwenda kuwafanyia udereva na ulinzi kwa mshahara mnono zaidi. Darasa lililobaki bila mwalimu halikuingizwa katika hesabu ya msaada.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kupitia daraja lile lile la Rusumo. Warundi wa Kitali, wilayani Biharamulo, walihamishiwa Lukole, ambako hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Nayo Lukole ikafungwa mwaka 2008.

Wapo ambao hawakuwa kambini kabisa. Walioa, waliolewa, walifuga, na wengi wao walidhani swali la wao ni nani lilikwisha zamani. Julai 2013 Serikali iliwapa wahamiaji wasio na vibali muda mfupi wa kuondoka, na Septemba mwaka huo ikafuata Operesheni Kimbunga. Nchi ina haki ya kujua nani anakaa ndani ya mipaka yake, na ujambazi wa silaha katika barabara za Biharamulo haukuwa hadithi. Hata hivyo taarifa za wakati ule zilieleza watu waliokaa miongo kadhaa wakiondolewa pamoja na waliofika juzi. Ng'ombe waliachwa au waliuzwa kwa haraka. Katika nyumba nyingine mume alivuka mpaka, na mkewe, Mtanzania wa kuzaliwa, akabaki na watoto, shamba, na jiko ambalo walikuwa wamelijenga pamoja.