MOSHI WA MOTOKAA NA MAANA YAKE

Kaskazini ya kisiwa cha Pemba iko nchi ya Micheweni. Sehemu nyingi za ardhi yake ni za mawe ya matumbawe, na upepo wa bahari huvuma juu yake ukichukua chumvi. Njia za kwendea pwani na mashambani zina mawe makali, na wakati wa masika huwa na matope. Katika njia kama hizo motokaa ndogo ya mjini haifai. Yafaa motokaa iliyoinuka juu ya ardhi, ambayo injini yake huyazungusha magurudumu yote 4.

Motokaa moja ya namna hiyo iliyojulikana sana katika Afrika Mashariki ni Land Rover. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi. Wakati ule chuma kilikuwa adimu katika Uingereza kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili, basi bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini fremu yake ya chini na bomba la kutolea moshi vilifanywa kwa chuma, na chuma huliwa na chumvi. Kwa hiyo motokaa ya zamani yaweza kuonekana nzima kwa juu, kumbe chini imeoza.

Dereva mmoja alimpelekea fundi motokaa ya namna hiyo, iendayo kwa petroli, ambayo umri wake umepita miaka 40. Walipokwisha kusalimiana akasema, "Fundi, gari yangu imekuwa nzito. Kilimani haina nguvu, petroli yaisha upesi, nayo inanguruma kuliko desturi. Tena jana tulipofika Wete, abiria waliokaa nyuma walishuka wakishika vichwa, na mtoto mmoja akatapika. Nadhani ni jua."

Mwanafunzi wa fundi aliposikia hayo akatwaa spana upesi ili afungue injini. Fundi akamzuia, akasema, "Weka chini, mwanangu. Tabibu hampasui mgonjwa kabla hajamtazama. Kwanza uliza, kisha tazama, kisha sikiliza. Mkono huja mwisho."

Maneno hayo ni ya kweli, na sababu yake ni hii. Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Kazi yake ni ya hatua 4. Kwanza pistoni hushuka, ikavuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pili hupanda, ikaukandamiza mchanganyiko ule. Tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka, na nguvu ya moto ikaisukuma pistoni chini. Hatua hii ndiyo iendeshayo gari. Nne pistoni hupanda tena, ikautoa moshi kwa njia ya bomba. Basi moshi hutoka ndani kabisa ya injini, nao huleta habari za huko ndani. Ajuaye kuusoma huujua ugonjwa kabla ya kufungua hata skrubu moja.

Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Mfano wake ni kandili: ukiupandisha utambi mno, chemni hujaa masizi mara moja, kwa kuwa mafuta hayapati hewa ya kuyatosha. Katika motokaa huenda chujio la hewa limejaa vumbi, au kabureta inamwaga petroli kupita kiasi.

Moshi wa buluu maana yake mafuta ya kulainishia injini yanaungua. Ringi za pistoni zikilika, au mipira ya valvu ikichoka, mafuta hupenya mpaka panapowaka moto. Motokaa yenye moshi huo yapasa kupimwa mafuta yake mara kwa mara, maana yakiisha injini hukwama na kuharibika.

Moshi mweupe huwa ni mvuke wa maji. Asubuhi na mapema si ajabu, kwani maji yaliyolala katika bomba hukauka kwa joto, na baada ya muda kidogo moshi huo hukoma. Lakini usipokoma hata injini ikipata moto, huenda gasketi ya kichwa cha injini imepasuka, na maji ya rejeta yanaingia katika silinda. Hapo fundi huyatazama mafuta ya injini. Yakiwa meupe kama uji, yamekwisha changanyika na maji. Lakini mtu asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Maji hayo huruka kwa nguvu na kuunguza uso.

Fundi akamwambia dereva awashe injini. Moshi uliotoka ulikuwa mweusi. Akafungua plagi moja, akaona ncha yake imefunikwa na masizi makavu. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Akafungua chujio la hewa, ambalo katika motokaa hizi za zamani huwa na mafuta chini yake ya kunasa vumbi. Mafuta yale yalikuwa yamekuwa tope zito. Mwanafunzi akalisafisha chujio, akatia mafuta mapya. Injini ilipowashwa tena, weusi wa moshi ukapungua hata ukatoweka.

Dereva akafurahi, akataka kuondoka. Fundi akasema, "Ngoja, bwana. Gari imepata nguvu, lakini bado yanguruma. Na vile vichwa vya abiria hatujavijua."

Wakaizima injini, wakangoja bomba lipoe kabisa. Kisha fundi akakunja kitambaa kinene, akaliziba tundu la mwisho la bomba kwa nguvu, na dereva akawasha injini kwa kitambo kidogo. Kama bomba ni zima, moshi hukosa njia na injini huzimika. Lakini injini ile haikuzimika, na chini ya viti vya nyuma ikasikika sauti ya kupuliza. Fundi akaingia chini, akaona alama nyeusi ya masizi, na katikati yake tundu la kupita kidole.

Mwanafunzi akauliza, "Ami, mbona bomba limeoza kwa ndani?"

Fundi akajibu, "Petroli ikiungua hufanya maji. Lita 1 ya petroli hutoa maji karibu lita 1, nayo hutoka kama mvuke. Gari ikienda safari fupi fupi, bomba halipati moto wa kulikausha, maji hukaa ndani. Nje chumvi, ndani maji. Chuma kitapona wapi?"

Dereva akasema, "Basi, fundi, lifunge kwa kipande cha bati na waya. Abiria wananingoja."

Fundi akakataa. Katika moshi wa injini mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta huingia katika damu, ikashika mahali pa oksijeni, tena huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kutapika na usingizi. Naye alalaye hivyo huenda asiamke. Watoto hudhurika upesi kuliko watu wazima. Tena motokaa ikienda huku pazia la nyuma limefunguliwa, hewa huvutwa kutoka nyuma, ikaingiza moshi ndani. Ndivyo walivyodhurika abiria wa jana, wala halikuwa jua.

"Bati na waya," fundi akasema, "ni vya kuifikisha gari kwa mwenye kuchomea vyuma, nayo iende tupu, madirisha wazi. Havifai kwa kuchukua watoto wa watu."

Dereva akanyamaza. Kisha akapeleka habari kwa abiria wake kwamba siku ile hasafiri. Alikosa nauli ya siku nzima, lakini kesho yake bomba lilikuwa jipya.

Kila mtu asafiriye na akumbuke haya. Abiria wawili watatu wakiumwa vichwa pamoja ndani ya gari, gari isimamishwe, injini izimwe, na wote watoke wapate upepo. Aliyezidiwa apelekwe hospitali bila kukawia. Wala injini isiwashwe katika banda lililofungwa. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Lakini ufa wa bomba la moshi usipozibwa, hasara yake huenda ikawa roho ya mtu.

MASWALI
1. Taja rangi 3 za moshi na maana ya kila moja.
2. Kwa nini bomba la moshi huoza kwa ndani?
3. Fundi alijuaje kwamba bomba lina tundu?
4. Kwa nini alikataa kuwachukulia abiria gari iliyofungwa bati na waya?