Kete na Mbegu Humfundisha Mtoto



Kila asubuhi watoto wetu huenda shuleni. Katika darasa la kwanza na la pili hufundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Tangu mwaka 2015 madarasa haya mawili yametiliwa mkazo katika mambo hayo matatu. Kwa kifupi huitwa KKK.

Mwalimu hufanya kazi yake. Lakini katika shule nyingi za vijijini mwalimu mmoja ana watoto wengi. Hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Mtoto akibaki nyuma, huenda mwalimu asijue upesi.

Sisi wakulima tunajua jambo hili. Mahindi yakikosa palizi katika wiki za mwanzo, mavuno hupungua hata ukipalilia sana baadaye. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Akifika darasa la tatu masomo huongezeka. Sasa anatakiwa kusoma ili ajue mambo mengine. Kama bado hajui kusoma, kila somo ni mzigo. Huona haya mbele ya wenzake. Huanza kusema anaumwa tumbo. Mwisho huacha shule.

Je, mzazi afanye nini? Wengine husema, "Mimi sikusoma sana, sitaweza kumfundisha." Wengine huchukua fimbo. Yote mawili hayasaidii. Mtoto mdogo hujifunza vizuri akiwa anacheza na akiwa na furaha. Na vitu vya kuchezea vimo humu humu nyumbani mwetu.

KUJIFUNZA KWA KAZI ZETU

Jambo hili si geni. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wetu walikaa chini ya miti wakajifunza kusoma. Baadhi ya vitabu vyao vilieleza kilimo cha pamba, migomba na uvuvi wa samaki. Mvuvi alijifunza kusoma kwa habari za nyavu zake. Mkulima alijifunza kwa habari za shamba lake. Walishika upesi kwa sababu walisoma mambo waliyoyajua. Mtoto naye tumfundishe kwa vitu anavyovijua.

KUHESABU

Chukua punje 20 za maharage. Mwambie mtoto azihesabu. Kisha azipange mafungu ya tano tano. Atapata mafungu 4. Azipange tena mbili mbili. Atapata mafungu 10. Ficha punje chache mkononi mwako. Muulize, "Nimeficha ngapi?" Atahesabu zilizobaki, naye atakuambia. Huko ndiko kutoa, na hakuna daftari lililotumika.

Mchezo wa bao ni mwalimu mzuri sana. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo 16. Katika bao la kujifunza, kila shimo huwekwa kete 2. Mtoto anayecheza bao hujiuliza, "Nikianza hapa na kete 5, ya mwisho itaangukia wapi?" Anahesabu kabla ya kugusa. Kama hamna ubao, chimbeni mashimo ardhini mkatumie kokoto.

Hapa nataka kusema neno moja. Katika nyumba nyingi mvulana hucheza bao na msichana hutumwa maji. Ndugu wazazi, hiyo si haki. Msichana naye apewe nafasi ya kucheza. Wagawieni kazi sawa, wote wapate muda.

Mpeleke mtoto dukani. Kama yai moja ni shilingi 300, mayai 4 ni shilingi ngapi? Ni shilingi 1,200. Ukitoa noti ya shilingi 2,000, utarudishiwa ngapi? Ni shilingi 800. Mwache ahesabu yeye kwanza. Usimharakishe.

Mtoto mkubwa kidogo mpime naye shamba. Mahindi tunayapanda kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari. Kati ya mashimo ni sentimeta 30, na kila shimo lina mbegu moja. Tengenezeni kamba ya meta 3, mkafunge vifundo kila sentimeta 30. Muulize mtoto, "Kamba hii itatupa mashimo mangapi?" Wengi husema 10. Sasa mwache ayahesabu ardhini, toka mwanzo wa kamba mpaka mwisho. Atapata 11, kwa sababu shimo la kwanza lipo pale kamba inapoanzia. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe hatalisahau.

KUSOMA

Kiswahili husomwa kwa silabi. Kata boksi kuukuu upate vipande 6. Andika kwa mkaa: ka, la, ma, mu, pa, ta. Mwambie mtoto aunganishe vipande apate maneno. Ka na ta ni kata. Ta na mu ni tamu. Ka, la na mu ni kalamu. Ka, ma na ta ni kamata. Leo apate maneno matatu, kesho apate manne. Akiyamaliza, ongeza vipande vingine.

Kuandika hakuhitaji karatasi kila siku. Tandaza majivu makavu yaliyopoa au mchanga. Mtoto aandike kwa kidole au kijiti. Akikosea, anafuta kwa kiganja na kuanza tena. Hakuna kosa linalobaki la kumtia aibu.

Vitu vingi nyumbani vina maandishi. Asome pakiti ya chumvi, sabuni na kalenda ya ukutani. Lakini jihadharini! Chupa na makopo ya dawa za mimea na mifugo si vitu vya kuchezea wala vya kusomea, hata vikiwa vitupu. Vina sumu. Mbegu za dukani nazo mara nyingi zimepakwa dawa. Mtoto ahesabu maharage ya kula, si mbegu zenye rangi ya dawa.

MANENO YA JIONI

Baada ya chakula, tega vitendawili. Mtoto akishindwa, mwombe mji. Akikupa Tabora, muulize, "Tabora iko upande gani? Watu wa huko wanalima nini?" Kama humo ndani hakuna anayejua, kesho amuulize mwalimu. Kwa njia hii anaijua nchi yake.

Simulia hadithi ya sungura na fisi. Kisha mwambie mtoto aisimulie yeye, akianza mwanzo mpaka mwisho. Mtoto anayeweza kupanga habari kwa mdomo ataweza kuziandika.

KAMA MZAZI HAJUI SANA

Wewe uliyejifunza kusoma juzi, usiogope. Mfanye mtoto awe mwalimu wako. Mwambie, "Mwanangu, nisomee ulichosoma leo." Kaa umsikilize. Mkikwama kwenye neno, litamkeni pamoja silabi kwa silabi. Mtoto atafurahi kumfundisha mama au baba. Na wewe kisomo chako hakitapotea.

Katika kijiji kimoja ninakofanya kazi, bibi mmoja hafahamu kusoma kabisa. Kila jioni huwaita wajukuu zake wawili. Mmoja husoma na mwingine humfuata kwa kidole. Bibi huuliza tu, "Halafu ikawaje?" Swali hilo moja linatosha kuwafanya waendelee.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Muda wa robo saa kwa siku unatosha. Mtoto akichoka, acheni.
2. Mtoto mwenye njaa hajifunzi. Apate kwanza uji au chakula.
3. Usimcheke wala kumpiga akikosea. Mwambie, "Jaribu tena."
4. Usimlinganishe na mtoto wa jirani.
5. Michezo hii isiwe njia ya kumtumikisha. Kuhesabu magunia si kuyabeba.
6. Nenda shuleni ukamwulize mwalimu, "Mwanangu amekwama wapi?" Usingoje mkutano wa wazazi.

FAIDA YAKE

Faida ya jambo hili si kupita mtihani tu. Tangu msimu wa 2022/2023, mkulima aliyetaka mbolea ya ruzuku aliandikishwa na kupewa namba. Pesa nazo siku hizi hupita kwenye simu. Asiyejua kusoma humpa mtu mwingine simu yake amsomee, na siku moja huibiwa.

Wakati wa mavuno, wako wanunuzi wanaokuja na magunia ya lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini anayeumia kwanza ni yule asiyejua kupima. Mtoto aliyezoea kuhesabu kete atajua kuhesabu debe na kilo. Atasimama kwenye mizani na kusema, "Hapana, hesabu hii si sawa." Hatamwibia mtu, wala hataibiwa.

Ndugu wazazi, shule ni ya mwalimu na ya mzazi. Samaki mkunje angali mbichi. Jioni ya leo chukua punje 20 za maharage, mwite mwanao, muanze.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtoto asiyejua kusoma hupata taabu katika darasa la tatu?
2. Ni michezo gani ya kijijini kwetu inayofundisha kuhesabu?
3. Je, wasichana wa kijiji chetu wanapata muda wa kucheza na kusoma? Kama hawapati, tufanye nini?
4. Kamba ya meta 6 yenye vifundo kila sentimeta 30 itatupa mashimo mangapi?