Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu: Nani humteua, naye humtumikia nani?

KATIKA Mtaa wa Lumumba, jijini Dar es Salaam, hatua chache kutoka Soko la Kariakoo na viwanja vya Mnazi Mmoja, lipo jengo ambalo wapita njia wengi hulijua kwa siasa. Wachache hukumbuka kwamba ndani ya jengo hilo la TANU ndimo elimu ya chuo kikuu ilimoanzia nchini. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wanafunzi 13 wa sheria waliketi hapo wakiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 chuo hicho kilihamia Mlimani.

Chuo kilichozaliwa katika nyumba ya chama hakingeweza kukwepa swali ambalo bado linaulizwa: ni nani mwenye haki ya kumchagua anayekiongoza?

Kwanza, vyeo vyenyewe huwachanganya wengi. Mkuu wa Chuo ndiye mwenye hadhi ya juu kabisa. Huongoza mahafali na kutunuku shahada, lakini haendeshi shughuli za kila siku. Kazi hiyo ni ya Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye, licha ya kuitwa makamu, ndiye mtendaji mkuu. Bajeti, nidhamu, ajira na taaluma vyote huishia mezani kwake. Chini yake wapo manaibu; juu yake lipo Baraza la Chuo, linalosimamia sera na mali. Masuala ya taaluma huamuliwa na Seneti.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea Julai 1970, baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Rais Julius Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo. Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji wa TANU, akawa Makamu Mkuu wa Chuo. Hoja ya wakati huo ilikuwa wazi: chuo kinachogharimiwa na wakulima lazima kiende sambamba na malengo ya taifa.

Mwaka mmoja baadaye mfumo huo ulitikiswa. Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa chuoni na kurudishwa kwao baada ya barua ya wazi iliyoulaumu uongozi kwa kutowasikiliza wanafunzi. Wenzake waligoma. Baada ya mgogoro huo, ushiriki wa wanafunzi na walimu katika vikao vya maamuzi ukawa hoja isiyoweza kupuuzwa.

Aprili 1990, wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, wakidai vyuo vijiendeshe kidemokrasia. Katika muongo huo pia, nafasi ya Mkuu wa Chuo ilitoka mikononi mwa Rais aliye madarakani, akateuliwa Balozi Paul Bomani.

Hivi sasa msingi ni Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, inayotaka kila chuo kiwe na hati idhini yake. Hata hivyo, kwa vyuo vya umma, neno la mwisho limebaki Ikulu. Januari 2016 Rais John Magufuli alimteua Rais mstaafu Jakaya Kikwete kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2017 alimteua Profesa William Anangisye kuwa Makamu Mkuu wa Chuo, kushika nafasi ya Profesa Rwekaza Mukandala. Mwenyekiti wa Baraza naye huteuliwa na Rais.

Majirani wamechukua njia nyingine. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2001 inaitaka Seneti ipendekeze majina matatu, Baraza liyapitie, kisha Mkuu wa Chuo ateue. Nchini Kenya, Rais Mwai Kibaki aliacha desturi ya mkuu wa nchi kuwa mkuu wa vyuo vyote vya umma, na baadaye usaili wa watendaji wakuu ukakabidhiwa Tume ya Utumishi wa Umma.

Hata njia hizo hazikosi misukosuko. Januari 2020 Waziri wa Elimu wa Kenya, George Magoha, alitengua uteuzi wa Profesa Stephen Kiama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na suala hilo likafika mahakamani kabla ya Kiama kuendelea na kazi.

Wanaotetea uteuzi wa Rais husema Serikali ndiyo inayolipa mishahara na mikopo ya wanafunzi, hivyo ina haki ya kujua nani anashika usukani. Wanaoupinga hujibu kwamba anayepewa cheo kutoka juu hutazama juu, na mhadhiri anayechelea kumkera mkubwa hawezi kufundisha wala kutafiti kwa uhuru.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayemsomesha mwanawe, mjadala huu si wa maprofesa peke yao. Mhadhiri akikosekana darasani, au chuo kikifungwa kwa mgomo, hasara ni yake. Kodi anayolipa ndiyo inayokiendesha chuo. Ana haki ya kujua kiongozi wake alipatikana kwa vigezo gani.