Kabla ya Kununua RAM: Kompyuta ya Kituo cha Afya Nayo Hupimwa

Saa mbili asubuhi, mama aliyeondoka kijijini kabla ya jua kuchomoza amefika mbele ya dirisha la mapokezi. Ametoa kadi yake, karani ameandika jina, na kompyuta imeganda. Foleni nyuma yake inarefuka. Mtoto aliyembeba mgongoni ana homa, na daktari yupo chumbani akisubiri mgonjwa ambaye bado hajaonekana katika mfumo. Watoa huduma na wagonjwa wengi nchini wanaifahamu hali hii.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Makao yake makuu yapo Bariadi, na wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Humo, kama ilivyo katika mikoa mingine, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa madaftari ya MTUHA peke yake sasa hufanywa pia kwa kompyuta. Mfumo wa GoT-HoMIS husajili mgonjwa na kuratibu huduma anazopata kituoni, mfumo wa DHIS2 hupokea takwimu za kila mwezi, na uanachama wa bima huhakikiwa kwa njia ya mtandao. Mara nyingi mzigo wote huo hubebwa na kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kuunganishwa kiwandani, tena miaka kadhaa iliyopita.

Kompyuta hiyo inapoanza kuwa nzito, ushauri wa kwanza huwa ni kuongeza RAM. Ushauri huo mara nyingi ni sahihi. Kosa hutokea katika hatua inayofuata, pale mtu anapotumwa mjini na karatasi iliyoandikwa maneno machache tu: "RAM, GB 8". Makala haya yanaeleza kwa nini maneno hayo hayatoshi, na nini kiandikwe badala yake.

Kazi ya RAM

Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Diski huhifadhi mafaili hata umeme ukizimwa, kama kabati la masjala. RAM hushikilia kazi inayoendelea kwa wakati huo, kama meza ya muuguzi. Meza ikiwa ndogo, muuguzi hulazimika kurudisha faili kabatini kila anapotaka kufungua jingine. Kompyuta yenye GB 4 za RAM hufanya vivyo hivyo: mfumo endeshi hutwaa sehemu kubwa, programu ya kuzuia virusi sehemu nyingine, na kila ukurasa wa mtandao uliofunguliwa huongeza mzigo. Nafasi ikiisha, kompyuta huanza kuhamishia kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi.

Pima kwanza

Si kila homa ni malaria, na si kila kompyuta nzito ina upungufu wa RAM. Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Katika kompyuta yenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika dirisha litakalofunguka, chagua sehemu iliyoandikwa Performance, kisha Memory. Fanya hivyo wakati wa foleni kubwa, mifumo yote ya kazi ikiwa imefunguliwa.

Ikiwa matumizi ya RAM yanakaribia ukomo, tuseme asilimia 85 au zaidi, na hayashuki, kuongeza RAM kutasaidia. Ikiwa RAM imetumika nusu tu huku diski ikionyesha asilimia 100 kwa muda mrefu, tatizo huenda likawa diski ya zamani ya kuzunguka, na tiba yake ni kuibadilisha kwa diski ya SSD. Vyote viwili vikiwa juu, anza na RAM, kwa kuwa upungufu wake ndio mara nyingi huichosha diski. Vyote viwili vikiwa chini na ukurasa bado haufunguki, tazama mtandao au seva. Hakuna RAM itakayotibu tatizo hilo.

Dirisha hilohilo linaonyesha mambo mengine ya kuandika: kasi ya RAM iliyopo, umbo lake, na idadi ya nafasi zilizotumika kati ya zilizopo. Angalia pia katika mipangilio ya mfumo kama Windows iliyowekwa ni ya biti 32 au 64. Windows ya biti 32 katika kompyuta za kazi haiwezi kutumia zaidi ya GB 4. Ukiiongezea RAM bila kubadilisha mfumo huo, fedha zitakuwa zimepotea.

Kuingia si kuoana

Mhudumu wa maabara hatoi mfuko wa damu kwa sababu tu ni mwekundu na una ujazo unaotakiwa. Sindano huingia katika mshipa wa mgonjwa yeyote. Kinachookoa maisha ni kupima kundi la damu na kuilinganisha na ya mgonjwa kabla ya kuitundika. Kwa RAM vilevile, kipande kinaweza kuingia kwenye nafasi yake na bado kisifanye kazi, au hata kikaleta madhara. Mambo ya kulinganisha ni haya.

La kwanza ni kizazi. RAM za DDR3 zilianza kutumika mwaka 2007, na DDR4 mwaka 2014, kisha ikafuata DDR5. Ya mezani ya DDR3 ina pini 240. Ya DDR4 na ya DDR5 zina pini 288 kila moja, ila mkato ulio kati ya pini umewekwa mahali tofauti. Kizazi kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine. Kipande kikikataa kuingia, usikisukume kwa nguvu. Huenda kinakuambia kwamba si chake.

La pili ni umbo. Kompyuta za mezani za kawaida hutumia kipande kirefu kiitwacho DIMM. Zile ndogo sana zinazoweza kufungwa nyuma ya skrini, na nyingi ambazo skrini na kompyuta ni kitu kimoja, hutumia kipande kifupi cha SO-DIMM, kama cha kompyuta mpakato. Usidhani kwamba kila kompyuta iliyo juu ya meza hutumia RAM ya mezani.

La tatu ni volti. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia volti 1.35, na DDR4 hutumia volti 1.2. Hapa ndipo pana mtego, kwa kuwa DDR3 na DDR3L zina mkato mahali pamoja. Kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya DDR3L pekee inaweza kukataa kuwaka ikiwekewa DDR3 ya volti 1.5, na kuilazimisha kunaweza kudhuru kichakataji chake.

La nne ni aina ya kipande. Kompyuta za ofisini karibu zote hutumia RAM ya aina ya UDIMM. Seva nyingi hutumia RDIMM. Kipande cha RDIMM kilichotolewa kwenye seva huuzwa kwa bei nafuu, tena huingia vizuri kwenye kompyuta ya mezani, lakini kompyuta haiwaki. Jihadhari pia na vipande rahisi vya DDR3 vinavyouzwa kwa maelezo kwamba ni vya AMD tu. Havitafanya kazi katika kompyuta yenye kichakataji cha Intel.

La tano ni ukomo. Kila ubao mama una kiwango cha juu cha RAM unachokubali, kwa jumla na kwa kila nafasi. Kiwango hicho hutajwa katika mwongozo wa mtengenezaji.

Kasi huja mwisho. Vipande viwili vya kizazi kimoja vyenye kasi tofauti kwa kawaida hufanya kazi pamoja kwa kasi ya kile cha polepole, hivyo hakuna haja ya kulipia kasi ambayo kompyuta haitaitumia. Vipande viwili vinavyolingana, vikiwekwa katika nafasi zilizokusudiwa kuwa jozi, husomwa kwa wakati mmoja na huleta nafuu zaidi kuliko kimoja kikubwa.

Majina yanayofanana

Chukua mfano wa kompyuta za Dell OptiPlex. Toleo la 3020 hutumia DDR3. Toleo la 3040 hutumia DDR3L. Toleo la 3050 hutumia DDR4, na lile dogo kabisa la 3050 hutumia SO-DIMM. Kwa macho, tatu hizi za kawaida ni masanduku meusi yanayofanana, na namba zake zinakaribiana. Tuseme mtumishi ametoka Mwanhuzi hadi Mwanza na karatasi ya "RAM ya Dell, GB 8". Muuzaji akimpa kipande cha DDR4 na kituo kina toleo la 3020, siku nzima ya safari na nauli ya kwenda na kurudi vimepotea, na foleni ya kesho itakuwa ndefu kama ya leo. Hakuna aliyedanganya. Muuzaji ametoa alichoombwa.

Kusoma lebo na kuandika ombi

Njia ya uhakika ni kusoma lebo iliyobandikwa kwenye RAM iliyomo tayari. Maandishi kama PC3L-12800 yanamaanisha DDR3L yenye kasi ya 1600. Lebo ya DDR4 inaweza kuandikwa PC4-19200 au PC4-2400T; zote mbili ni kasi ya 2400. Kwenye lebo za DDR4, katika kundi la herufi linalofuata kasi, U huonyesha UDIMM, S huonyesha SO-DIMM, R huonyesha RDIMM, na E huonyesha UDIMM yenye uwezo wa kusahihisha makosa, yaani ECC. Piga picha ya lebo hiyo kwa simu, pamoja na kibandiko cha nje chenye jina na toleo la kompyuta. Hakikisha skrini yenye taarifa za mgonjwa haimo katika picha.

Ombi la ununuzi basi liandikwe kwa ukamilifu. Kwa mfano: "RAM ya kompyuta ya mezani, DDR3L, volti 1.35, PC3L-12800, UDIMM isiyo ya ECC, GB 8, kipande kimoja, kwa ajili ya Dell OptiPlex 3040 ya SFF." Sentensi hiyo moja inamlinda afisa ununuzi, muuzaji na kituo chenyewe.

Kuna faida nyingine ya kusafiri na picha badala ya kompyuta nzima. RAM hupoteza kila kilichomo umeme ukikatika, lakini diski huendelea kuhifadhi majina, majibu ya vipimo na historia za wagonjwa. Kompyuta ikiachwa dukani kwa fundi asiye na dhamana ya kituo, siri hizo zimeachwa naye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za namna hiyo, na maadili ya taaluma zetu yalikuwa yakizilinda hata kabla yake.

Kuweka na kupima tena

Kazi hii ifanywe na afisa TEHAMA wa halmashauri au wa hospitali, au kwa idhini yake. Nakala ya akiba ya taarifa itangulie. Kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki. Wakati wa kiangazi hewa ni kavu, na umeme tuli hujikusanya mwilini kwa urahisi. Gusa chuma cha ndani cha sanduku kabla ya kushika RAM, na ishike kwa kingo zake. Pangusa vumbi taratibu. Linganisha mkato, kisha kandamiza mpaka vibanio vijifunge.

Kompyuta ikilia bila kuonyesha kitu, izime, chomoa waya tena, toa kipande na ukirudishe vizuri. Ikiwaka, kazi bado haijaisha. RAM mbovu inaweza kuharibu taarifa kimyakimya, na tarakimu moja iliyobadilika katika rekodi ya mgonjwa si jambo dogo. Endesha kipimo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya Windows, au programu ya MemTest86, kabla ya kompyuta kurudishwa dirishani. Kipande kilichokwisha kutumika kipimwe hivyo bila kukosa, na kinunuliwe kwa makubaliano ya kurudishwa kikishindwa.

Pale RAM isipotosha

RAM inarefusha maisha ya kompyuta, lakini haiifanyi kuwa mpya. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. OptiPlex 3020, 3040 na 3050 tulizozitaja hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, hata zikijazwa RAM kiasi gani. Kituo chenye mashine za umri huo kimuulize afisa TEHAMA juu ya usalama wake kabla ya kutoa fedha. Huenda kiasi kidogo cha RAM kikatosha kwa kipindi cha mpito, na bajeti kubwa ikaelekezwa kwenye kompyuta nyingine.

Kwa mgonjwa anayesoma makala haya: karani aliye mbele ya kompyuta iliyoganda anahangaika kama wewe. Beba kadi zako, kumbuka namba yako ya faili, na mtoto akizidiwa foleni ikiwa imesimama, mwite mtoa huduma mara moja. Dalili za hatari hazisubiri mfumo.

Na kwa mtoa huduma: wiki hii, kabla foleni haijaanza, fungua dirisha lile la vipimo, andika namba zake, na mwombe afisa TEHAMA picha ya lebo. Ziweke ndani ya faili la vifaa vya kituo. Siku fedha zitakapopatikana, ombi litakuwa limeshaandikwa.